Mguu wa Kushoto wa Hariri

Jina lake kamili, kwa wale wanaoiheshimu kazi, ni Mguu wa Hariri, mtoto wa Mzee Mizani, mjukuu wa Mfua Majembe. Mfua Majembe ni babu yetu, aliyefua vyuma mpaka nyusi zikaacha kuota. Mzee Mizani ni baba yetu, aliyerekebisha mizani za soko zima, na hakuna mwenye duka aliyethubutu kumwomba aipindishe hata kidogo. Na huyu Hariri ni mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Ndiye aliyelitoa lori la mayai lililokwama katikati ya mlima wa stendi ya zamani, dereva ameshashuka. Hariri alipanda, akaiachia klachi taratibu, lori likapanda mpaka juu bila trei moja kuteleza. Dereva akavua kofia. Siku hiyo ndipo watu walipompa jina, wakisema mguu wake wa kushoto unaigusa pedali kama mtu anayegusa kope za mtoto aliyelala.

Nayasema haya kwanza kwa sababu yanayofuata yanamkalia vibaya, na sitaki mtu amjue kwa hayo kabla ya kumjua kwa alivyokuwa.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kila aliyekuja gereji yake kujifunza kazi alikalishwa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, na nusu ganda la yai linabandikwa kwa grisi juu ya pedali ya klachi. Mwanafunzi anaambiwa auning'inize mguu juu ya ganda bila kuligusa. Hariri mwenyewe anaegemea mlango, anapiga hadithi, anamchokoza, anamuuliza kama mama mkwe wake hajambo. Ganda likilia, umeshindwa. Rudi kesho na yai lako. Alikuwa akisema mguu unaopumzika juu ya pedali unaila klachi polepole kama mchwa anavyokula boriti, na mwenye mguu hana habari. Wengi walikimbia. Wengine walikula mayai kuliko walivyopenda.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alilishinda ganda siku ya kwanza tu. Baba yake alimsimulia hadithi tatu, akamtisha kwa nyoka, akajifanya anaumwa kifua. Mguu ulibaki palepale. Kuanzia hapo gereji nzima ikamwita Hariri Mdogo. Baba mtu hakumsifu mbele yake, si kawaida yake, lakini jioni alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti kilekile cha karibu na dirisha, akasema, "Dada, jina limepata mtu." Chai ikapoa mbele yake. Sijawahi kumwona na furaha ya kimya namna ile, hata siku alipooa.

Miaka ikaenda. Mkewe akatangulia. Binti akaingia kwenye gereji na mashine ya kupimia, ile inayochomekwa chini ya usukani ikasoma gari linaumwa wapi. Hariri hakuikataa. Aliiita "mganga wa binti yangu" na wakati mwingine aliiuliza maswali yeye mwenyewe, kwa kebehi, lakini jibu alilisikiliza. Walifanya kazi pamoja vizuri. Mtu asije akasema walikuwa na ugomvi wa zamani. Hawakuwa nao.

Balaa lililetwa na gari la daktari wa meno. Lilikuwa gari la michezo, la chini, milango miwili, rangi ya chungwa lililoiva. Ukiingia ndani unakaa kama umeanguka. Daktari alisema amechungulia vinywa vya watu maisha yake yote, na sasa anataka kuangalia kitu kizuri. Lakini kila alipotaka kuingia barabara kuu, akikanyaga mafuta, gari linasita kama mtu aliyeulizwa umri wake, halafu linaruka mbele kama limechomwa sindano. "Fundi, siku moja litaniua," alimwambia Hariri, "na meno yangu yote haya bado mazima."

Mambo ya gari lile nilielezwa na binti, kwa hiyo nitayasema kama nilivyoyaelewa. Halina pedali ya klachi. Klachi zenyewe ziko mbili, humo ndani ya gia boksi. Moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine inashika ya pili, ya nne na ya sita. Moja ikiwa kazini, mwenzake ameshaiandaa gia inayofuata, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, mchi huu ukishuka ule unapanda. Anayezibana na kuziachia ni kompyuta. Dereva ana pedali mbili tu, breki na mafuta, na zote ni za mguu wa kulia. Mguu wa kushoto hauna kazi.

Binti alichomeka mashine yake. Ikasema injini inakohoa: silinda moja haichomi sawasawa ikibebeshwa mzigo. Wakabadilisha koili na plagi. Halafu wakaimwaga oili ya gia boksi, ikatoka nyeusi, inanuka kuungua, haijaguswa tangu gari linunuliwe. Wakaweka mpya na chujio jipya. Gia boksi za namna ile zinajifunza; zinakumbuka kila klachi inashikia wapi, na ukishabadilisha oili sharti uzifundishe upya, kwa mashine kwanza, kisha barabarani, kwa utulivu. Binti akaifundisha. Akalizungusha gari mtaa mzima, akarudi anatabasamu. Lilikuwa linaondoka, alisema, kama maji yanayomwagwa kwenye bakuli.

Akampa baba yake funguo. Sheria ya gereji ilikuwa hiyo: gari halimrudii mwenyewe mpaka Hariri awe amelijaribu.

Hariri akaondoka. Gari likasita, likaruka.

Alirudi amekunja uso. Alimwambia binti kwamba ameifundisha gia boksi haraka haraka, kama mtu anayekimbilia basi. Binti akarudia kazi yote tangu mwanzo, hatua kwa hatua. Akaendesha yeye, likatulia. Akaendesha baba, binti amekaa pembeni na mashine mapajani, anaangalia namba za gia boksi. Gari likasita, likaruka. Namba hazikuonyesha kosa.

"Mimi likiwa mikononi mwangu halifanyi hivi," alisema binti.

"Wewe unaliendesha kama umebeba maziwa kwenye sahani," alisema Hariri. "Daktari hajalinunua abembeleze."

Wakaifungua gia boksi upande wa chini, wakautoa ule mtambo wa kompyuta na mabomba madogo madogo unaoziamuru klachi, ambao mafundi wanauita ubongo. Wakaweka mwingine. Kazi ya mgongo na magoti, siku nyingi. Binti alikuwa akija kulala kwangu maana ni karibu, anaanguka kitandani na viatu. Wakarudisha, wakafundisha upya. Kwa binti, maji kwenye bakuli. Kwa baba, sindano.

Hapo mtaa ulishaanza kusema. Fundi wa magurudumu wa jirani, mtu ambaye Hariri alimfundisha kazi na hakuwahi kulishinda ganda, alipita akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mtumbwi umepata shimo na manahodha ni wawili. Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Ana masikio yanayosikia kicheko mbali sana.

Daktari wa meno akaja kuliangalia gari lake. Walikuwapo mafundi, walikuwapo wateja wengine, alikuwapo yule wa magurudumu. Hariri akamchukua daktari, wakazunguka, wakarudi. Daktari alishuka ameshika shingo. Akauliza kwa upole, maana ni mtu mpole, kama kazi imemshinda fundi, yeye alipeleke gari kwingine.

Mdogo wangu hakuwa ameulizwa hivyo tangu lori la mayai.

Aligeuka, akamwangalia binti yake, akasema mbele za wote, "Kazi haikunishinda mimi. Huyu ndiye aliyeifunga vibaya, na anaendesha kwa kujificha ili lisionekane. Kuanzia leo asiitwe Hariri Mdogo. Hana mguu."

Niliambiwa na watu wanne tofauti, na wote walilisema neno lile sawasawa, kwa hiyo najua ndivyo lilivyotoka. Hana mguu. Waliniambia pia alichofanya binti. Aliweka spana mahali pake, akaifuta mikono kidole baada ya kidole, akavua ovaroli akaitundika kwenye msumari wake, akatoka. Wa magurudumu akampigia makofi. Hariri akamtazama tu, hakumkemea. Hilo la kutomkemea ndilo lililonikaa rohoni kuliko lile neno.

Binti alikuja kwangu na mfuko mmoja. Hakulia. Alisema, "Shangazi, nipe kazi yoyote ya mikono," nikampa nguo za kupiga pasi. Alipiga pasi mpaka mashuka, mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. Nilimuuliza kama hakukosea kweli mahali fulani. Alisema amejiuliza hivyo mpaka amechoka, na ameanza kuogopa kwamba labda ni kweli, labda mikono yake ina kitu isichokiona. Msichana aliyeshinda ganda siku ya kwanza ananiambia mimi maneno hayo.

Nikajifunga kanga, nikaenda gereji. Sikuenda kubembeleza, nilienda kumweka mdogo wangu mahali pake. Nilimkuta peke yake na gari la chungwa. Nilimwambia aliyoyastahili, na sitayarudia, mengine yalimhusu baba yetu na mizani yake. Alinisikiliza akiangalia ukuta. Niliona pia kwamba anatembea kwa kutupa mguu, kama anayevuka matope, lakini nilikuwa na hasira na mwenye hasira huona nusu. Nilipomaliza, alisema tu, "Dada, njia." Akapanda, akawasha, akaondoka akaniachia vumbi.

Nikabaki getini nimeshika pua, nalitazama lile gari kwa nyuma. Likasita, taa zake mbili nyekundu zinawaka. Likaruka, zikazimika, zikawaka tena. Lilikwenda hivyo mpaka kwenye kona, linakonyeza kama mtu mwenye kichaa. Nilisema moyoni, hata gari limechoka naye.

Nyumbani nilimsimulia binti yote, kwa hasira, na hilo la taa nililisema mwishoni kama mzaha.

Pasi ilibaki hewani.

"Shangazi," alisema, "taa zipi?"

"Za nyuma. Nyekundu."

"Alikuwa anasimama?"

"Anasimama wapi? Alikuwa ananikimbia."

Aliiweka pasi, akakaa kwenye rundo la nguo alizozinyoosha mwenyewe. Akanieleza polepole, huku anajieleza na yeye. Taa zile ni za breki. Na gari lile, likikanyagwa breki na mafuta kwa pamoja, linaamini dereva amechanganyikiwa, linainyima injini nguvu. Breki ikiachiwa, nguvu yote inarudi kwa mkupuo. Kusita, kuruka. Yeye siku zote alikaa ndani, macho kwenye mashine, ukurasa wa gia boksi. Ukurasa wa breki hakuufungua hata mara moja.

"Nani anashuku mguu wa baba yake?" alisema.

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi mimi. Yeye alijifunika uso kwa shati la mtu.

Asubuhi yake akaenda gereji, nami nyuma yake. Mafundi walikuwapo wote, na wa magurudumu alisogea mapema kuja kutazama. Binti hakusalimia kwa kirefu. Mkononi alikuwa na nusu ganda la yai.

"Baba," alisema, "nataka ukae kwenye gari, injini imezimwa. Kama unavyokaa ukiendesha."

Hariri aliliona ganda, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. "Unanipima mimi kwa ganda langu?"

"Ndiyo."

"Na nikishinda?"

"Nitasema mbele ya hawa kwamba sina mguu."

Akapenda hivyo, mdogo wangu. Nilimwona anavyopenda, na ndipo nilipoanza kumwonea huruma, kabla ya wakati. Akaingia, akakaa. Binti akainama, akalibandika ganda kwa grisi kwenye pedali ya breki, ile pana. Mguu wa kulia ukakaa kwenye mafuta. Wa kushoto ukapanda wenyewe, ukaenda kuning'inia mahali ulipozoea kuning'inia miaka yote, ambapo safari hii hapakuwa na klachi. Nadhani hata yeye hakujua kwamba umepanda.

Binti akaegemea mlango kama alivyokuwa akiegemea baba yake, na akaanza hadithi. Alisimulia lori la mayai. Alilisimulia vizuri, na mlima, na moshi, na dereva alivyovua kofia. Hariri akaingilia kumsahihisha. Alisema haukuwa moshi wa breki, ulikuwa wa klachi iliyochomwa na yule mpumbavu, na kwamba lori lilikuwa na—

Ganda likalia.

Halikulia sana, ni ganda la yai. Lakini gereji ilikuwa kimya na wote tulisikia. Yeye akaendelea. Alisema lori lilikuwa na trei za karatasi, si za mbao, na kwamba alipoiachia klachi aliihesabu pumzi yake. Mguu ulikuwa unazama polepole kwenye pedali, vipande vinadondoka sakafuni, naye anaonyesha kwa mkono jinsi lori lilivyopanda. Kisha akaona nyuso zetu.

"Mnaangalia nini?" alisema.

Hata wa magurudumu alitazama chini.

"Baba," alisema binti, "mguu wako wa kushoto uko wapi?"

"Uko juu. Ungekuwa wapi?"

Akainama kutazama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kitu.

Binti ndiye aliyepiga magoti akamvua kiatu. Soksi ilikuwa imeganda. Skrubu ilikuwa imepenya soli ikaingia nyama ya chini ya vidole, na kwa jinsi ilivyokuwa, haikuwa ya jana wala juzi. Alitembea nayo, alipanda nayo ngazi, aliendesha nayo. Hakuwa na habari. Baadaye ndipo tulipojua kwamba aliambiwa ana sukari zamani, akapewa vidonge, akaviweka kwenye kopo la nati, asimwambie mtu yeyote kwa aibu. Mguu wa hariri ulikuwa umekufa chini yake, na yeye anautafuta ugonjwa kwenye gia boksi.

Hospitali walikata vidole viwili, wakasema amebahatika. Walimwambia pia kwamba tangu sasa miguu yake ikaguliwe kila asubuhi, juu na chini, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa sababu mwenyewe hatasikia.

Binti alilisafisha gari la chungwa, akalirudisha kwa daktari wa meno. Likaondoka kama maji. Daktari, mtu mwema, akampigia simu mgonjwa kumshukuru na kumuuliza kosa lilikuwa nini. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, na binti amesimama dirishani. Mdogo wangu alisema kwenye simu, kwa sauti yake ya kazi, "Breki ilikuwa inashika kidogo. Tumeitoa."

Si uongo. Ndiyo maana neno hilo liliuma.

Aliporudi nyumbani, nilimpelekea ndala mpya na nikakuta binti amekuja kufagia. Anafanya kazi gereji ya upande wa pili sasa, wanamwita kwa kazi yake tu, fundi. Hariri alikaa ukingoni mwa kitanda, bandeji mguuni, fimbo mapajani. Alimwacha afagie mpaka mlangoni. Kisha akatoa funguo za gereji mfukoni, akaziweka kitandani kati yao.

"Kuanzia sasa magari yote utajaribu wewe," alisema. "Mimi siwezi tena."

Binti aliegemeza ufagio. Hakuzigusa funguo. "Waliosikia ulivyosema kwamba sina mguu bado wapo palepale, Baba. Wa magurudumu yupo. Daktari yupo. Utawaambia nini?"

Nilimtazama mdogo wangu. Nilimtaka aseme. Nilimbeba mgongoni huyu, nikamfundisha kusema shikamoo, nikamfundisha kusema samahani, na la pili najua alilijua. Taya zake zilitembea. Alitazama dirisha, akatazama fimbo, akatazama bandeji yake. Nje mtu aliwasha pikipiki, ikakataa, ikawaka. Sote watatu tulisikiliza mpaka ikaondoka. Ndivyo familia yetu ilivyo.

"Kuna kazi nyingine," alisema hatimaye. "Ya kila asubuhi, kabla hujaenda kwa watu wako. Sioni nyayo zangu mimi. Dada mikono yake inatetemeka. Na mtu mwingine simpi."

Akainua miguu yote miwili, kwa shida, akainyoosha mbele yake kwenye mwanga wa mlango, kama mtu anayeweka gari juu ya jeki.

Binti aliitazama miguu. Kisha akavuta kigoda.

"Anza na wa kushoto," alisema Hariri.